Vidole vitatu kwenye kidari: matiti yaliyoachana na wanaoahidi kuyakutanisha

Ikifika katikati ya Novemba, kliniki yetu hapa Moshi hupata wageni ambao hawaumwi popote. Watu wanaanza kurudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, sendofu na harusi zimepangwa mfululizo hadi Januari, na gauni liko kwa fundi, shingo yake imeshuka hasa. Binti anaingia, anasubiri muuguzi atoke, anavuta kiti karibu na meza, ndipo anasema kwa sauti ya chini: "Shikamoo daktari. Matiti yangu yameachana."

Mwaka juzi mmoja wao alinipa simu yake nione picha. Mwanamke wa pichani alikuwa amebanwa na gauni mpaka matiti yamekutana na kuacha mstari mmoja mwembamba. Nilimwambia binti abane vidole vyake pamoja, avilaze juu ya kidari, katikati ya matiti. Viliingia vitatu. Nikaweka vya kwangu kifuani kwangu, juu ya koti jeupe. Vitatu. Akacheka, na mazungumzo yakawa mepesi kuanzia hapo.

Mwenye kauli katika jambo hili ni mfupa wa kidari. Titi limekaa juu ya msuli mkubwa wa kifua, kuanzia ubavu wa pili hadi wa sita, na ukingo wake wa ndani unaishia karibu na pale msuli unaposhika kidari. Aliyezaliwa na kidari kipana atakuwa na nafasi pana, awe mnene au mwembamba. Aliyezaliwa na mbavu zilizobinuka kama pipa, matiti yake yatatazama pembeni, moja linaelekea Arusha, jingine Himo. Hayo ni maumbile ya kawaida kabisa, na kwenye faili huwa siandiki ugonjwa wowote. Ndani ya titi kuna tezi za maziwa, mafuta, na nyuzi za kulishikilia ambazo huitwa kano za Cooper, kwa jina la mpasuaji Mwingereza Astley Cooper aliyezieleza mwaka 1840. Hakuna msuli ambao unaweza kuukaza kwa mazoezi ili titi lihame.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu kuna uongo umewaliza mabinti wengi. Wapo wanaosema matiti yaliyoachana ni dalili ya msichana "aliyetumika", kwamba yameachana kwa kushikwashikwa na wanaume. Nimeshapokea mama aliyemleta mtoto wa miaka 15 nimpime kwa sababu hiyo, mtoto ameinamisha kichwa hadi kidevu kinagusa kifua. Kushikwa hakusogezi titi. Kulala kifudifudi hakulisogezi. Hata kunyonyesha, kunakolaumiwa kwa kila kitu, hakuondoi titi mahali pake. Kinacholegeza ngozi na zile kano ni ujauzito wenyewe, umri, unene unaopanda na kushuka, na sigara. Yule mtoto alikuwa na kidari kipana kama cha mama yake. Nilimwomba mama naye aweke vidole.

Sasa, linalowezekana ni lipi? La bei nafuu na lenye matokeo ya haraka ni sidiria, na ndilo ambalo wengi wanalikosea. Karibu kila ninayempima amevaa mkanda wa kuzunguka kifua mkubwa kupita kiasi na vikombe vidogo kupita kiasi. Mkanda ukilegea unapanda mgongoni, vikombe vinainama mbele, na matiti yanamwagikia upande wa kwapa. Hapo nafasi ya katikati inaonekana mara mbili ya ilivyo.

Chukua futi ya fundi cherehani. Zungusha chini ya matiti, ikaze vizuri, usome inchi. Kisha zungusha pale palipojaa zaidi, bila kubana. Binti wa vidole vitatu alipata 33 chini na 37 juu. Mikanda mingi huuzwa kwa namba shufwa, kwa hiyo 33 inakuwa 34. Ukitoa 34 kwenye 37 unabaki na tatu, na tatu ni kikombe C; moja ingekuwa A, mbili B, nne D. Yeye alikuwa amevaa 38B, kwa sababu muuzaji alimtazama tu kwa macho akamwambia "hii itakutosha, dada". Namba za watengenezaji hazilingani sawasawa, kwa hiyo ichukulie kama mahali pa kuanzia, kisha ujaribu.

Ukishaivaa, inama mbele kidogo, ingiza mkono ndani ya kikombe mpaka kwapani, kusanya nyama yote iliyokimbilia pembeni uilete mbele. Fanya hivyo pande zote mbili, kisha simama wima. Kile kipande cha kati kinachounganisha vikombe viwili kinatakiwa kilale juu ya kidari. Kikielea, kikombe ni kidogo. Kwa gauni la shingo iliyoshuka, tafuta sidiria ambayo kipande hicho kipo chini na chembamba, yenye sponji pembeni au chini ya vikombe. Hiyo ndiyo inayosukuma matiti kuelekea katikati. Ila sponji linasogeza nyama iliyopo. Asiye na nyama ya kusogeza asitegemee mstari kama wa kwenye picha.

Nikitaja sidiria, watu huuliza kuhusu Memorial, soko letu la mitumba hapa Moshi. Najua zinapatikana pale, na najua zina waya imara kuliko nyingine za dukani. Lakini Shirika la Viwango, TBS, lilishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba, sidiria zikiwemo, na sitamshauri mtu anunue kitu nisichojua kilivaliwa na nani. Mkanda uliotumika miaka mitano Ulaya umeshalegea hata kama lesi yake bado inang'aa.

Kuna hizi sidiria za silikoni za kubandika, zisizo na mkanda. Kwa usiku mmoja hazina ubaya kwenye ngozi nzima, isiyo na mafuta wala kidonda, na usilale nazo. Tatizo linaanza zikikosekana. Jumatatu moja alikuja msimamizi wa bibi harusi, amevaa dera la mama yake kwa sababu hakuna nguo nyingine iliyovumilika. Walikuwa wamembana matiti kwa selotepu ya kahawia, ile ya kufungia maboksi, tangu saa nane mchana hadi saa saba usiku. Wakati wa kuitoa waliivuta kama wanavyofungua boksi, ngozi ikaondoka nayo, hata ya chuchu moja. Kovu lilichukua miezi kufifia. Kama ni lazima kubandika, nunua plasta ya ngozi kwenye duka la dawa, funika chuchu kwa pamba au kitambaa kwanza, na wakati wa kutoa ipake mafuta ya kula, subiri dakika kumi, kisha iviringishe taratibu.

Mazoezi ya pushapu na kunyanyua vyuma yananenepesha msuli ulio chini ya titi. Kifua cha juu kinaweza kujaa kidogo, na mgongo ukinyooka matiti yanaonekana vizuri zaidi, jambo ambalo si dogo. Nafasi haibadiliki. Krimu na vidonge vinavyouzwa mitandaoni kwa jina la kukuza na kukutanisha matiti, sina maneno mengi juu yake: visivyo na homoni havifanyi kitu, na vyenye homoni vinafanya mambo ambayo hukuyaomba. Sindano za kujaza matiti ziogope kuliko vyote. China iliruhusu sindano za jeli kwa miaka kadhaa, kisha ikazipiga marufuku mwaka 2006, baada ya wanawake wengi kupata uvimbe, usaha na jeli kuhamia sehemu nyingine za mwili. Jeli ikishasambaa ndani ya nyama, mpasuaji hawezi kuikomba yote.

Tufike kwenye kisu, maana huko ndiko wengi wanakotaka kufika. Vipandikizi vya silikoni (si vile vya uzazi wa mpango vinavyowekwa mkononi, kila mara lazima nifafanue) si jambo geni. Wa kwanza kuwekewa alikuwa Timmie Jean Lindsey, huko Houston, Marekani, mwaka 1962. Hakuwa ameenda kutafuta matiti; alienda kufutwa tatuu, madaktari wakamwomba ajitolee, naye akataka wamrekebishe masikio.

Kipandikizi kinaongeza ukubwa. Hakihamishi msingi wa titi. Mpasuaji makini hupima upana wa titi lako kwa sentimita, kisha anachagua kipandikizi kisichouzidi, na anaacha msuli ukiwa umeshika kidari. Titi likijaa, nafasi inaweza kupungua kidogo. Kwa mwenye chuchu zinazotazama nje, inaweza hata kuonekana zaidi, kwa sababu kipandikizi hufuata chuchu. Anayekuahidi kwamba ataifunga kabisa ndiye wa kukimbia. Ili ayakutanishe inabidi aukate msuli na kuibandua ngozi kutoka kwenye kidari, na akipitiliza, mifuko miwili inakuwa mmoja. Ngozi ya katikati inanyanyuka kama turubai la msiba, matiti yanakuwa kitu kimoja kirefu kinachopita kifua kizima. Kurekebisha hali hiyo ni kazi ngumu kuliko upasuaji wa kwanza, na mara nyingi haimaliziki kwa safari moja ya chumba cha upasuaji.

Kwa ile nafasi ya katikati hasa, njia inayoeleweka zaidi ni kuhamisha mafuta: yanavutwa tumboni au mapajani, yanasafishwa, yanadungwa kidogo kidogo kwenye ukingo wa ndani wa titi. Sehemu ya mafuta hayo hufyonzwa na mwili, pengine hadi nusu, kwa hiyo baadhi hurudia. Mengine hufa na kuacha vinundu vigumu, ambavyo baadaye vitakupa hofu ukivigusa na kumpa kazi anayesoma picha ya matiti. Mwembamba hana mafuta ya kuvuta, na hapo mjadala unaisha.

Vipandikizi navyo havidumu maisha yote. Mwili hukizungushia kipandikizi kovu, na kovu hilo likikaza, titi linakuwa gumu na kuuma. Kinaweza kupasuka bila wewe kuhisi lolote, ndiyo maana Marekani inashauri kipimo cha picha kuanzia mwaka wa tano au wa sita, kisha kila miaka miwili au mitatu. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vyenye ngozi ya kukwaruza, kwa sababu ya saratani adimu ya kinga iliyohusishwa navyo. Muulize daktari jina la kampuni na aina, na ukipewa kadi yake itunze pamoja na cheti cha kuzaliwa. Jina la daktari liangalie kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Wanaosafiri kwenda Uturuki au India nawaomba jambo moja tu: kabla ya kukata tiketi, mjue nani atakayewapokea Moshi mshono ukitoa usaha wiki ya tatu.

Kama bado unapanga kuzaa, subiri. Ukishanyonyesha na kuachisha, pitisha angalau miezi sita titi litulie.

Kuna nafasi moja ambayo haihusu urembo. Titi jembamba kama mrija, dogo, lililoachana sana na mwenzake, kuanzia sentimita nne hivi, huenda likawa na tezi chache. Mwenye umbo hilo akijifungua na mtoto haongezeki uzito, asilaumiwe kwamba hanywi uji wa kutosha. Apelekwe kliniki mapema. Na titi lililokuwa sawa miaka yote, kisha mwaka huu limevutwa upande, chuchu imeingia ndani, ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, linatoa damu au lina uvimbe, hilo lije wiki hiyohiyo. Usisubiri harusi ipite.

Ukija kwa ajili ya ile nafasi nyingine, ya urembo, njoo na sidiria unayoivaa kila siku, si ya sherehe. Ndiyo nitakayoanza kuikagua.