Aliyejiajiri na bima ya afya: jiunge ukiwa mzima

Malalamiko tunayopokea kutoka kwa bodaboda, mama lishe, mafundi na wakulima wa zabibu wa Dodoma yanafanana: bima ni ghali, bima ni ya watumishi wa serikali. Si kweli. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inamhusu kila mkazi wa Tanzania Bara, awe ameajiriwa au amejiajiri.

Ugumu wa aliyejiajiri uko kwenye namna ya kulipa. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wake humwongezea 3 nyingine, kila mwezi, bila kukumbushwa. Wewe unatakiwa utoe mchango wa mwaka kwa mkupuo. Kwa hiyo lipa pesa inapokuwepo: mkulima wa Hombolo au Mpunguzi akishauza zabibu, wa Kongwa akishauza alizeti, mwenye kikoba siku ya kuvunja.

Kwa CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, kiwango kilichozoeleka mikoani kilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, yaani 2,500 kwa mwezi kwa nyumba nzima. Kwa kuwa nchi inahamia bima ya afya kwa wote, viwango hurekebishwa. Ulizia kinachotumika sasa kwenye zahanati au ofisi ya mtendaji wako kabla ya kutoa pesa.

Mchango mdogo una mipaka yake. Unaanzia zahanati au kituo cha afya, unapanda kwa rufaa. Ukienda moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa bila barua, utalipa taslimu, na tafadhali usimgombeze mhudumu wa dirishani. Mwenye ugonjwa sugu unaohitaji daktari bingwa mara kwa mara alinganishe pia vifurushi vya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) na vya kampuni binafsi, asome orodha ya huduma na dawa, si bei peke yake.

Kuhusu uandikishaji, tusikilizane. Wanakaya wote wafike, kwa sababu kila mmoja hupigwa picha. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na ya watoto kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. "Mama Neema" si jina la kuandikishia. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, usimkabidhi mtu pesa mkononi, na utunze risiti. Kadi haianzi kazi dakika ile ile unapolipa, upo muda wa kusubiri. Wanaokuja kujiandikisha mgonjwa akiwa tayari kwenye bajaji hutuumiza sana, maana hatuna la kuwasaidia siku hiyo.

Wapo pia wanaodai warudishiwe mchango kwa sababu mwaka umeisha hawakuugua. Bima si akiba. Mchango wako umemtibu jirani, na zamu yako ikifika wa kwake utakutibu wewe.

Kumwazima kadi shemeji au rafiki ni udanganyifu, hata kama nia ni huruma. Kadi inaweza kufungiwa, gharama zikadaiwa kwako, na shauri likafikishwa polisi. Shemeji aandikishwe kwenye kaya yake.

Tarehe ya kadi kuisha iandike kwenye simu, na uhuishe kabla haijafika. Ukichelewa, kadi inafungwa na huenda muda wa kusubiri ukaanza upya.