Shigeru Mizuki: msitu mzito, binadamu mwepesi

Ukifungua ukurasa wowote wa Shigeru Mizuki, mchoraji wa katuni wa Kijapani, utadhani umechorwa na watu wawili wasiojuana. Nyuma kuna msitu, makaburi au nyumba kuukuu ya mbao, na kila jani na kila ufa umetiwa nukta na mistari kwa subira mpaka karatasi inakuwa nyeusi kwa wino. Mbele yake anapita mtu mwenye pua ya mviringo, meno ya kuchomoza na miwani, kachorwa kwa mistari michache tu. Mimi hufundisha uchoraji wa katuni, na wanafunzi wengi wakiuona ukurasa huo hudai kwamba mchoraji alichoka alipofika kwa binadamu. Mimi naona hapo ndipo ilipo kazi yake yote. Kwa Mizuki dunia ndiyo nzito, ndiyo inayodumu. Mtu ni mpita njia.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Shigeru Mura. Alizaliwa mwaka 1922 na kukulia Sakaiminato, mji wa bandari katika mkoa wa Tottori, kando ya Bahari ya Japani. Nyumbani kwao alikuwa akija bibi mmoja maskini, ambaye watoto walimwita Nonnonba. Bibi huyo ndiye aliyemfundisha habari za yokai, viumbe vya ajabu vya masimulizi ya Kijapani. Madoa ya dari, alimwambia, yameachwa na kiumbe anayekuja usiku kuilamba. Kuna yokai ambaye ni ukuta usioonekana, humzuia mtu njiani gizani. Kuna mwingine anayelia msituni kama kichanga, na ukimbeba anageuka mzito kama jiwe. Msomaji aliyelelewa kwa hadithi za majini atajisikia nyumbani, ila yokai wengi hawana dini wala kisasi. Wapo tu, kama mvua ilivyopo.

Kisha vita. Mizuki alichukuliwa jeshini na mwaka 1943 akapelekwa Rabaul, kisiwa cha New Britain, ambacho leo ni sehemu ya Papua New Guinea. Siku moja alikuwa kwenye zamu ya ulinzi kikosi chake kiliposhambuliwa na wenzake wakauawa. Alitoroka peke yake kupitia baharini na msituni, na alipowafikia wakubwa wake alikaripiwa kwa kurudi akiwa hai. Baadaye, akiugua malaria, alijeruhiwa na bomu la ndege na mkono wake wa kushoto ukakatwa. Waliomrudishia moyo ni wanakijiji wa Watolai, wenyeji wa kisiwa hicho, waliomlisha na kumkaribisha aishi nao, naye alikaribia kabisa kubaki. Alisimulia pia kwamba akiwa katika msitu ule usiku aligonga kitu kigumu asichoweza kukiona, na akaamini amekutana na ule ukuta wa masimulizi. Kwake yokai na vita havikuwa mambo mawili.

Kuhusu miaka ya njaa sitakaa sana. Alirudi Japani mwaka 1946, akafanya kazi za kila namna, akachora mbao za picha za wasimuliaji wa barabarani waliowauzia watoto peremende kisha wakawaonyesha hadithi picha kwa picha. Televisheni ilipowaua hao, alihamia Tokyo kuchora vitabu vya maduka ya kukodisha, kazi yenye malipo duni mno. Mwaka 1961 alimwoa Nunoe, na miaka mingi baadaye kumbukumbu za mama huyo kuhusu umaskini wao ziligeuzwa tamthilia ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, mwaka 2010. Mafanikio yalimjia Mizuki mwaka 1965, akiwa na miaka 43, aliposhinda tuzo ya kampuni ya uchapishaji ya Kodansha kwa katuni ya watoto.

Mhusika wake mashuhuri ni Kitaro, mtoto wa mwisho wa kabila la mizimu, aliyetoka kaburini mwa mama yake. Kitaro hakuanza na Mizuki; hadithi ya mtoto wa makaburini ilisimuliwa barabarani tangu miaka ya 1930. Alichofanya Mizuki ni kumpa dunia ya kuishi. Baba yake Kitaro aliharibika mwili wote, likabaki jicho moja, nalo likaota mikono na miguu ili limlee mwanawe. Anayenivutia zaidi ni Nezumi-otoko, mtu-panya: mchafu, mlafi, anayemsaliti rafiki kwa pesa kidogo kisha anarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Mizuki alimpenda waziwazi. Mfululizo huo uliitwa kwanza Kitaro wa Makaburini. Jina likabadilishwa kuwa GeGeGe no Kitaro kabla ya filamu za katuni kuanza kwenye televisheni mwaka 1968, kwa kuwa wadhamini hawakulitaka kaburi kwenye jina.

Lakini kitabu ninachokiona kikubwa kuliko vyote alivyochora ni cha mwaka 1973, Soin Gyokusai Seyo!, yaani amri ya kwamba wote wafe kwa heshima. Kamanda kijana anaamuru kikosi kizima kishambulie bila kutarajia kurudi. Wachache wananusurika. Makao makuu, yakiwa tayari yametangaza kwamba wote wamekufa kishujaa, yanaamua kwamba walionusurika lazima wafe mara ya pili. Mizuki alisema asilimia 90 ya yaliyomo ni kweli. Mwanzo askari ni wale wale wenye pua za mviringo, wanawaza chakula na kupigwa makofi na wakubwa. Katika kurasa za mwisho maiti zao zinachorwa kwa uzito ule uliokuwa wa miti na ardhi, kila mbavu na kila kivuli. Wakiwa hai walikuwa wepesi. Wamekufa, wamekuwa sehemu ya msitu. Sijui mchoraji mwingine aliyetumia tofauti ya mitindo kusema jambo chungu kiasi hicho.

Miaka ya 1988 na 1989 alitoa Showa, historia ya Japani chini ya Mfalme Hirohito, juzuu nane. Siasa na vita vinachorwa kwa kufuata picha za kamera, huku maisha yake mwenyewe yakipita katikati kwa mistari miepesi, na msimulizi ni Nezumi-otoko. Historia ya taifa imekabidhiwa mdomoni mwa laghai, na inafaa: yeye hana sababu ya kumtukuza mtu.

Mwaka 2007 kitabu chake Nonnonba kilipata tuzo kuu ya kitabu bora katika tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa, mara ya kwanza kwa Mjapani. Sakaiminato kuna barabara yenye sanamu 177 za shaba za yokai wake. Alikuwa bado anachora baada ya kutimiza miaka 90, na akafariki tarehe 30 Novemba 2015, akiwa na miaka 93.

Vitabu hivi vinapatikana kwa Kiingereza na Kifaransa. Anza na Nonnonba, halafu kile cha vita, ndipo uingie Showa. Ukifika kwenye visanduku visivyo na mtu, pale penye mti na mvua tu, usivipite haraka. Mizuki alivitolea jasho zaidi kuliko nyuso.