Binokula feki: nenda dukani na rula mfukoni

Mwezi uliopita kuna dogo alikuja mezani kwangu hapa Arusha na binokula bado iko kwenye boksi lake, kitambaa kipo, mkanda upo, jina la kampuni kubwa ya Austria limechorwa pembeni, 8x42. Ndo kwanza kamaliza chuo cha kuongoza watalii, kapata kazi, na hela yake ya kwanza yote kaiweka humo, laki nne na nusu. Akaniambia, "Fundi, mchana inaonyesha poa kabisa, ila jioni naona giza tu, halafu nikiitumia muda mrefu kichwa kinauma mpaka nyuma ya macho." Nikaishika, nikaielekeza dirishani, nikajua. Sikumwambia pale pale maana inauma kumwambia mtu kitu kama hicho, nikachukua kwanza rula.

Nataka nieleze hii ya rula kwa kirefu maana ndo kipimo ambacho mtengeneza feki hawezi kukikwepa. Ile 8x42 maana yake inakuza mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Sasa ukiishika mbali na jicho, kama sentimita 30 hivi, ukaielekeza kwenye anga lenye mwanga (siyo jua, usithubutu kuelekeza kwenye jua), utaona kwenye kioo cha jicho, kile unachochungulia, kuna kiduara cheupe kimeelea katikati. Upana wa kile kiduara ni lenzi ya mbele gawa kwa ukuzaji, kwa hiyo 42 gawa kwa 8 unapata milimita 5 na kidogo. Kwa 10x42 unapata 4 na kidogo. Kupima vizuri, weka karatasi nyeupe nyuma ya kioo cha jicho, isogeze mbele na nyuma mpaka kiduara kiwe kidogo na kingo zake zikae wazi, weka alama mbili za kalamu, pima.

Ya dogo ilitoa milimita 3.

Maana yake ni nini, 3 mara 8 ni 24, yaani lenzi ya mbele ina milimita 42 kwa macho lakini inayofanya kazi kweli ni 24 tu, nyingine yote ni urembo. Nilipoifungua nikakuta nilichotegemea, pete nyeusi ya plastiki imebandikwa ndani inaziba mwanga wa pembeni. Wanaiweka kwa sababu lenzi yenyewe ni mbovu, pembeni picha inavurugika, sasa badala ya kutengeneza lenzi nzuri wanaziba sehemu mbovu ili ile ya katikati ionekane safi.

Na hapa ndo wanapowapiga watu wengi. Mchana mboni ya jicho lako inajibana inakuwa milimita 2 au 3, kwa hiyo hata kiduara cha milimita 3 kinakutosha na huoni tofauti yoyote, unasimama mlangoni pa duka saa sita mchana unaangalia Mlima Meru unasema kioo kikali hiki. Giza likianza kuingia mboni inafunguka, kwa kijana inafika 5 mpaka 7, na hapo ndo binokula halisi inakupa mwanga wote na ile feki haina cha kukupa. Saa moja kasoro jioni pale Seronera, Serengeti, chui anashuka kwenye mti, mgeni kakaa nyuma yako kasafiri kutoka mbali kwa ajili ya dakika hiyo, na wewe unaona kivuli. Kwa hiyo kama muuzaji anakuruhusu, rudi jioni. Kama haruhusu, rula.

Zile zilizoandikwa 60x60, 70x70, na maneno ya kuona usiku na mchana, hata msipoteze muda. Mkono wa binadamu unatikisika, ukipita kama mara 12 bila stendi picha inacheza huwezi kuona kitu, ndo maana waongoza watalii wazoefu wanabeba 8 au 10 basi. Halafu 60 gawa kwa 60 ni milimita moja, kiduara kama tundu la sindano, lakini ukipima zile za mtaani unakuta kiduara cha milimita 3 au zaidi, kwa hiyo hesabu yenyewe inakwambia ile namba ni ya uongo. Kifaa cha kuona gizani kweli kina betri na mitambo ndani, binokula ya vioo vitupu haiwezi hata uandike nini juu yake. Na lenzi nyekundu zinazong'aa kama jicho la njiwa, ule wekundu unaouona ni mwanga unaorudishwa nje badala ya kuingia, unabaki unaangalia dunia ya kijani-bluu. Utando mzuri kwenye lenzi unang'aa kwa kufifia, kijani au zambarau hafifu, weka chini ya taa ya tyubu uangalie: ukiona taa nyeupe kali kama kwenye kioo cha dirisha basi hicho kioo hakijapakwa kitu.

Kile kichwa kuuma cha dogo ni kitu kingine, mirija miwili haikuangalia sehemu moja. Tafuta mstari ulionyooka mbali, kingo ya paa la bati ni nzuri sana, uangalie kwa macho mawili halafu taratibu uisogeze binokula mbali na uso kama kiganja kimoja. Mstari wa kushoto na wa kulia ubaki usawa mmoja. Ukiona mmoja umepanda juu ya mwenzake, rudisha kabatini, macho yako yatakuwa yanavutana kurekebisha kosa hilo siku nzima kwenye gari linaloruka mashimo.

Tochi ya simu pia, imulike kwa mbele uchungulie ndani, gundi iliyomwagika, vumbi, chuma kisichopakwa rangi nyeusi, vyote vinaonekana.

Wenzetu wa uwindaji wa kitalii wananiletea skopu za bunduki, zile darubini za kulengea, na huko feki inanitisha zaidi. Kiduara kinapimwa vile vile, 3-9x40 ukiiweka kwenye 9 inatakiwa itoe 4 na nusu hivi. Ila cha muhimu ni kliki, zile hatua za kitufe cha kurekebisha shabaha. Ifunge kwenye jiliwa, peke yake bila bunduki, bandika rula ukutani umbali wa mita 25. Nyingi kliki moja ni kama milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo kliki 40 kwa mita 25 ule msalaba wa kulengea unaouona ndani uhame kama sentimita 7, na ukirudisha kliki 40 urudi pale pale ulipoanzia. Halafu zungusha ukuzaji toka 3 mpaka 9, msalaba usitembee. Kwa kliki hizo 40 nimeshika zilizohama sentimita 5, nyingine kwenda 7 kurudi 4. Msalaba ukitembea risasi inajeruhi nyati badala ya kumwangusha, na anayekwenda kumfuata yule nyati kwenye majani marefu ni mfuata nyayo anayetangulia mbele ya wote, baba wa watu.

Kuhusu maandishi. Kutengenezwa China siyo ushahidi wa ufeki, Nikon Monarch 5 na Zeiss Terra zinatoka China na ni vifaa vizuri tu, ila Swarovski ni ya Absam kule Austria, kwa hiyo jua kwanza kila kampuni inatengenezea wapi. Namba ya siriali ipige picha uitume kwa barua pepe kiwandani kabla hujalipa. Mimi zimeshapita mezani kwangu binokula tatu za watu watatu tofauti, namba ni ile ile moja.

Dogo alirudi dukani, wakamwambia mali ikitoka hairudi. Nimemtafutia Nikon ya mkono wa pili 8x42 kutoka kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, mpira umechubuka kidogo ila kiduara milimita 5, paa la bati usawa, kalipa laki mbili na nyingine anamalizia mwisho wa mwezi. Juzi kanitumia meseji saa moja kasoro jioni akiwa Tarangire, kaandika tu "fundi naona masharubu".