Je, wajua kwa nini vyuo vikuu vya Marekani hucheza baadhi ya mechi za kikapu kwa siri?

Msimu wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu nchini Marekani huanza mapema mwezi wa Novemba, lakini kabla ya siku hiyo timu nyingi huwa zimekwisha kukabiliana na wapinzani wa nje ya chuo chao. NCAA, chama kinachosimamia michezo hiyo, huipa kila timu ya daraja la kwanza nafasi mbili za namna hii. Kocha anaweza kuzitumia kwa mechi za maonyesho, ambazo mashabiki hukata tiketi na kuingia ukumbini, au kwa mechi za kujipima nguvu za faragha, ambazo mashabiki na waandishi wa habari huzuiwa mlangoni na matokeo hayatangazwi rasmi. Zote mbili haziingii katika rekodi ya timu.

Kwa miaka mingi tofauti hiyo ilitokana na kanuni. Mechi ya maonyesho kwa kawaida ilichezwa dhidi ya chuo cha daraja la chini, na aliyetaka kukutana na timu ya hadhi yake alilazimika kufanya hivyo faraghani. Ndiyo maana pambano gumu zaidi la Oktoba mara nyingi lilikuwa lile ambalo hakuna shabiki aliyeliona.

Faragha humpa kocha uhuru ambao mechi ya kawaida haina. Makocha wawili hupatana mapema kuhusu utaratibu: wanaweza kucheza nusu mbili za dakika ishirini, kisha wakafuta ubao wa matokeo na kuongeza kipindi kifupi cha wachezaji wa akiba, wanaweza kuamua kwamba mchezaji mwenye faulo tano, ambaye kwa kawaida hutolewa, aendelee kucheza, kwa kuwa lengo ni kumwona, au wakaigiza dakika mbili za mwisho huku timu moja ikiwa nyuma kwa pointi tatu, ili wachezaji wajue nani atapewa mpira na nani atakaba. Kosa linalofanyika humo husahihishwa bila mtu kuzomewa, na wapinzani wa msimu hawapati picha za kuchunguza mbinu mpya.

Mechi ya maonyesho hufundisha mambo mengine. Kijana aliyetoka shule ya sekondari miezi michache tu iliyopita huonja kelele za ukumbi, waamuzi rasmi na uzito wa jezi, mambo ambayo mazoezi hayawezi kuyaiga. Hata Hasheem Thabeet wa Tanzania, aliyechezea Chuo Kikuu cha Connecticut hadi 2009 na kuchaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka huo, alipitia mfumo huu wa vyuo. Chuo mwenyeji hupata mapato ya tiketi, na chuo kidogo kinachoalikwa hupata jioni moja katika ukumbi mkubwa.

Hatari ya mechi ya maonyesho ni aibu ya hadharani. Novemba 2009 timu ya Chuo Kikuu cha Syracuse ilifungwa 82-79 nyumbani na jirani yake Le Moyne, wakati huo chuo cha daraja la pili. Timu hiyohiyo ilimaliza msimu ikiwa na ushindi mara 30 na kushindwa mara 5, jambo linaloonyesha, kwa maoni yangu, jinsi matokeo ya mechi hizi yanavyotabiri machache.

Kanuni ya wapinzani ilianza kulegea kwa sababu ya hisani. Oktoba 2017 NCAA iliziruhusu Kansas na Missouri, mahasimu ambao hawakuwa wamekutana tangu 2012, kucheza hadharani ili kuwachangia waathirika wa vimbunga, na zaidi ya dola milioni 1.7 zikapatikana. Tangu msimu wa 2025-26 timu za daraja la kwanza zinaweza kualikana kwa maonyesho bila kuomba kibali maalumu, na Oktoba 2025 Kentucky iliikaribisha Purdue mbele ya mashabiki wake. Hata hivyo, mechi za faragha hazijatoweka, kwa sababu kanuni mpya haikubadilisha hitaji la kocha la kujaribu mfumo ambao bado haujakaa sawa bila wapinzani wake wa Januari kuuona.