Kabla Fundi Hajapiga Msasa: Risasi kwenye Rangi za Nyumba Kongwe

Shaabani ikielekea ukingoni, Mji wa Kale wa Mombasa hunukia rangi. Kila mwenye nyumba anataka mlango na madirisha yang'are kabla ya Ramadhani. Fundi anaanza kupiga msasa juu ya fremu, na unga mwembamba unashuka kwenye mkeka ambao jioni mtoto atautambalia. Kwa sababu ya unga huo nawaomba tumsimamishe fundi kwanza, tupime kama rangi ina risasi, madini yenye sumu.

Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi, rangi yake ikolee na zihimili unyevu. Leo kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 90 kwa milioni, lakini sheria ya leo haifuti tabaka lililopakwa enzi za babu. Chokaa ya ukutani hainitii wasiwasi sana. Wasiwasi wangu uko kwenye mbao za madirisha, milango, ngazi na roshani, na kwenye vyuma vilivyopakwa praima nyekundu ya kuzuia kutu.

Rangi iliyoshika vizuri haina neno. Taabu huanza inapobanduka, na hewa yetu ya chumvi haikawii kuibandua. Dirisha linalokwaruzana na fremu yake kila asubuhi hutoa vumbi hata kama hakuna aliyeligusa kwa msasa. Mtoto hulishika, kisha hutia kidole mdomoni. Mwili wake hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na ubongo wake ndio unaoumia: masomo yanakuwa mazito, utulivu unapotea, na mara nyingi hakuna homa wala maumivu ya kumshtua mama. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mombasa tunaijua sumu hii kutoka mtaa wa Owino Uhuru, ambako ilitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa, ila kuna kosa moja linalorudiwa sana. Katika nyumba moja ya Kibokoni nilisugua kijiti cha kupimia, kile kinachogeuka chekundu kikikuta risasi, juu ya fremu ya dirisha, hakikubadilika. Kisha nikakata kwa wembe, mkato wa mshazari hadi kwenye mbao. Zikaonekana tabaka kama za kitunguu: nyeupe, samawati, kijani, na chini kabisa njano iliyokolea. Kijiti cha pili kilipogusa mkato kikawa chekundu. Kwa hiyo kata kwanza, ndipo usugue. Hata hivyo kijiti kisipobadilika usijihakikishie. Na kwenye rangi nyekundu kinaweza kudanganya. Jibu la kutegemewa hutoka maabara: bandua kipande chenye tabaka zote, ukubwa wa stempu, bila mbao, ukifunge kwenye mfuko wa plastiki. Ipo pia mashine ya eksirei ya mkononi inayosoma tabaka zote bila kukwangua.

Risasi ikipatikana, msasa mkavu marufuku, na kuchoma rangi kwa moto ni vibaya zaidi. Rangi ikiwa bado imara, ipakwe nyingine juu yake. Ikiwa imebanduka, fundi ailoweshe maji ndipo akwangue, sakafu ikiwa imetandazwa nailoni, watoto na wajawazito wakiwa wamelala kwingine. Usifagie, deki kwa kitambaa kibichi. Mlango wa nakshi usiuguse kabla ya kuzungumza na ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale, maana ukikwanguliwa ovyo nakshi haitarudi.

Mtoto wa chini ya miaka sita aliyeishi kwenye vumbi hilo apimwe damu. Kuanzia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Akichomwa kidoleni, mwosheni mikono kwa sabuni kwanza, kwani vumbi la dirishani likibaki kwenye ngozi litapandisha majibu bure. Na yakiwa juu, mwombeni daktari arudie kwa damu ya mshipani.