Kabla greda halijaingia kiwanjani

Anayenunua kiwanja Madale, Chanika au Kibamba, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa kawaida huanza kwa kukisafisha. Greda likiingia asubuhi, kufikia jioni mkwaju uliokuwapo kabla ya mtaa wenyewe umeshang'olewa. Nyumba ikiisha, ua mzima unatandikwa pevingi, feni zinafungwa kila chumba, na ukutani inapandwa miche ya ashoki, mti mwembamba usio na kivuli cha maana. Sisi wa mipango miji hasara hii inatuuma kwa sababu inazuilika.

Chukua kiwanja cha 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Mvua ya milimita 50 ikinyesha humo, na masika huweza kuileta kwa siku moja, ni lita 20,000: simtanki 20 za lita 1,000. Udongo wa kichanga wenye majani na mizizi hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Bati na pevingi huyasukuma barabarani, mtaroni, hadi bondeni. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na kuingia baharini penye daraja la Salender, na karibu na mwisho wa safari hiyo lipo bonde la Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mkazi wa bondeni hupokea pia maji yaliyokosa pa kuzama katika nyua za walio juu.

Na si maji tu. Tukifyeka vichaka vyote, ndege wadogo kama chozi na shore hukosa pa kutagia, huku kunguru wa Kihindi, ndege mgeni anayeshiba majalalani na kula mayai na makinda ya wengine, akizidi kutawala.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka ukanda wa hifadhi wa mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Wengi huuona kama eneo lililopotea bure. Mimi nauona kuwa njia inayoweza kuunganisha msitu wa Pugu na mikoko ya mlangoni mwa Msimbazi, ambako kaa na kamba hukulia. Ukijengwa, hakuna bustani ya mjini itakayofidia.

Kwa hiyo, unapokwenda kwa mchora ramani, mwonyeshe kwanza mahali ilipo miti yako. Mara nyingi kusogeza nyumba mita chache kunatosha kuokoa mti. Madirisha makubwa yaelekee kusini na kaskazini, yapokee pepo za kusi na kaskazi. Kivuli kiwekwe magharibi, linakopiga jua la alasiri. Pevingi iishie njia ya gari.

Aliyekwisha kutandika ang'oe safu chache kando ya ukuta wa uzio, mbali na msingi wa nyumba, achimbe mfereji mpana wa udongo, apande vichaka vya asili na kuelekeza humo maji ya bati. Kazi hiyo ifanyike Septemba, kabla ya vuli.