Bunduki haitulii mkononi: dhana potofu kuhusu kulenga ukiwa umesimama

Kwa miaka mingi nimewafundisha askari wa wanyamapori na mgambo kulenga shabaha hapa Tabora, na kila kundi huja na swali lilelile: mbona mtu akilala chini anapiga katikati, lakini akisimama risasi zinatawanyika? Kulala ni raha, ila porini kwetu si kila siku inawezekana. Nenda kando ya mto Ugalla mwezi wa Aprili, nyasi zinakufika kifuani. Ukilala, utaona mabua tu. Inabidi upige wima, bila mti wala begi la kuegemea, na maneno ya vijiweni kuhusu jambo hili yananiuma kwa sababu yanawakatisha tamaa vijana wenye uwezo.

“Mlengaji hodari mkono wake hautikisiki.”

Hii ndiyo mama wa zote. Ukweli ni kwamba mkono wa kila aliye hai unatikisika. Moyo unapiga, kifua kinapanda na kushuka, misuli ya miguu haipumziki maana inakuzuia usianguke. Hata bingwa wa Olimpiki, kilengeo chake cha mbele, kile kijiti kidogo karibu na ncha ya mtutu, kinazungukazunguka juu ya shabaha. Yeye mzunguko wake ni mdogo, na hagombani nao.

Kijana anayeamini kwamba lazima bunduki itulie tuli huvizia kilengeo kipite katikati, halafu ananyakua triga kwa pupa. Hapo ndipo anapoharibu. Piga hesabu nami: bunduki ambayo vilengeo vyake viwili vimeachana sentimita 50, cha mbele kikihama milimita 1 tu, risasi itahama sentimita 20 kwenye mita 100. Kunyakua triga kunahamisha mtutu kuliko ule mtikisiko uliokuwa unauogopa. Kwa hiyo kiache kilengeo kielee, kidole kiongeze mgandamizo polepole, mlio ukukute.

Na hili halimwachi hata bingwa. Matthew Emmons wa Marekani, kwenye Olimpiki ya Beijing 2008, alikuwa akiongoza fainali ya bunduki ya mita 50 mikao mitatu, ambayo risasi zake kumi za mwisho zilipigwa kwa kusimama. Imebaki moja. Kidole kikagusa triga mapema, kabla hajatulia kwenye shabaha. Akapata pointi 4.4 na kuangukia nafasi ya nne. Dhahabu ikaenda kwa Qiu Jian wa China.

“Ibane kwa nguvu zako zote.”

Msuli uliokazwa hutetemeka, na ukichoka hutetemeka zaidi. Bunduki ibebwe na mifupa. Simama ubavu ukielekea shabaha, miguu upana wa mabega, kitako cha bunduki kikae kwenye bega, na kiwiko cha mkono wa mbele kishuke hadi kiguse mbavu au nyonga kama mwili wako unaruhusu. Mkono wa mbele uwe kigingi tu cha kuwekea bunduki.

Kisha fanya kipimo hiki. Lenga, fumba macho, vuta pumzi mara mbili, fumbua. Ukikuta kilengeo kimehamia kushoto, usikivute kwa mikono. Sogeza mguu wa nyuma. Ukikivuta kwa mikono, mwili utakirudisha wakati uleule triga inapoachia. Kwenye mafunzo ya kusimama, nusu ya kazi yangu ni kusogeza miguu ya watu.

“Jaza kifua, zuia pumzi.”

Hapana. Toa pumzi kama kawaida, na katika kile kituo kidogo kabla ya kuvuta nyingine, piga. Zikipita sekunde 8 hivi hujapiga, jicho linaanza kufifia na mikono inaanza kucheza. Shusha bunduki, pumua, anza upya. Hakuna aibu katika kushusha. Mimi humsifu kuruti anayeshusha.

“Bunduki nyepesi ndiyo rahisi.”

Nyepesi ni rahisi kutembea nayo. Kwenye kulenga, uzito unaotosha hutuliza mtutu. Wanaoshindana kwa bunduki ya hewa ya mita 10, ambao hupiga kwa kusimama tu, wanaruhusiwa kubeba hadi kilo 5.5, na wengi hawataki iliyo nyepesi. Shabaha yao ya pointi 10 ni nukta ya nusu milimita.

“Imefungwa.”

Mzee mmoja kutoka upande wa Sikonge, mwenye gobore la kibali, aliniambia hivyo. “Mwanangu, hii kuna mtu kaifunga. Ng’ombe mzima siwezi kumpata.” Sikubishana naye. Nilimwomba apige bunduki ya uwanjani, nikamjazia mwenyewe, na katikati ya risasi nikaingiza ya bandia bila kumwambia. Ilipofika zamu ya ile ya bandia, triga ililia kah! tu, lakini mtutu ulididimia kama fimbo ya mvuvi iliyonaswa, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefumba. Miaka mingi ya cheche na moshi wa gobore karibu na shavu ilikuwa imemfundisha kuuogopa mlio kabla haujaja. Nilimwonyesha picha niliyompiga kwa simu. Alikaa nayo muda mrefu, akasema, “Kumbe ni mimi, baba.”

“Bila risasi nyingi huwezi kujifunza.”

Risasi nyingi mapema ndizo zinazoleta woga ule. Dawa ni kufyatua patupu, yaani bila risasi: hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, haina kitu, ikague tena kwa kidole, risasi zote zikae chumba kingine, elekeza mtutu kwenye ukuta ambao nyuma yake hapiti mtu. Kabla hujaanza, uliza kama bunduki yako inakubali kufyatuliwa patupu bila kuumia. Kisha mwenzako aweke sarafu ya shilingi 200 juu ya mtutu, karibu na kilengeo cha mbele. Bonyeza triga polepole. Ikianguka, ulinyakua.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Yule mzee nilimfundisha kwa bunduki yetu ya uwanjani, wiki ya kwanza sarafu ilianguka kila mara. Wiki ya tatu aliniita nije nitazame, akafyatua mara tano mfululizo, na sarafu ikabaki palepale, upande wa simba ukitazama juu.